Jenereta la nyumbani: soma kibati na cc, boksi liache dukani

FundiWaya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Inboksi yangu imejaa swali lile lile: "Fundi, nichukue jenereta gani la nyumbani, la kubebeka, bajeti ya kawaida?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka hapa tusome wote. Kazi yangu ni umeme wa majumbani na kutengeneza majenereta hapa Dar. Siuzi, kwa hiyo duka utakalonunua halinihusu.

Tuanze na giza lenyewe. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, watu walinunua mashine za kuendesha nyumba saa nane, saa kumi kwa siku. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji uliwashwa Februari 2024, mitambo yote tisa kwa pamoja ni megawati 2,115, na mgao wa namna ile umepita. Lakini megawati za Rufiji hazizuii mwembe kuangukia waya mtaani kwenu, wala transfoma kuungua usiku wa mvua. Giza la sasa mara nyingi ni la saa mbili tatu, siku mbaya ni usiku kucha. Mtu anayekwenda Kariakoo leo akiwa bado na hofu ya mgao anarudi na mashine kubwa mno, halafu inamfilisi mafuta kwa kazi ya taa nne na friji moja.

Kwa nini kubwa ni hasara? Jenereta la kawaida la petroli lazima lizunguke mara 3,000 kwa dakika ili litoe hezi 50. Liwe limebeba pasi, liwe limebeba chaja ya simu, mzunguko ni ule ule na kelele ni zile zile. Mafuta yanapungua kidogo mzigo ukiwa mdogo, lakini hayapungui kwa kadiri ya mzigo. Mashine ya kilowati 5 inayobeba wati 300 inachoma petroli kujizungusha yenyewe tu.

Sasa dukani. Boksi lina namba kubwa nyekundu: 3500, 6500, juzi nimeona 8800. Hiyo achana nayo. Zunguka nyuma ya mashine utafute kibati, kile kipande chenye maelezo ya mashine. Pale kuna maneno mawili, "Rated" na "Max". Nyumba inaendeshwa na "Rated". "Max" ni nguvu ya muda mfupi, ukiitegemea saa nzima unachoma waya za ndani. Wakiandika kVA, tazama alama ya cos φ pembeni. Ikiwa 1.0, kVA na kilowati ni kitu kimoja. Ikiwa 0.8, zidisha: 3.5 kVA inakuwa kilowati 2.8.

Na kibati nacho kinadanganya siku hizi, ndiyo maana nasema tazama na cc za injini, yaani ukubwa wake. Injini ya stroki nne yenye cc 200 na kidogo, ile ya HP 7 hivi, inatoa umeme wa kudumu kilowati 2.5, ikijitahidi sana 2.8. Ukitaka kilowati 5 za kweli unahitaji injini ya cc 390 kwenda juu. Muuzaji akikuonyesha "6500" lenye injini ya cc 210, mshukuru, pita duka la pili. Uzito pia una siri yake: mashine mbili zenye namba sawa, moja nyepesi kwa kilo kadhaa, mara nyingi hiyo nyepesi waya zake za ndani zimesukwa kwa aluminiamu badala ya shaba. Itafanya kazi, ila inapata joto haraka na haivumilii.

Mzigo wa nyumba ndio watu wanaukosea zaidi. Wanajumlisha wati za kwenye lebo wanapata 700, wananunua mashine ya wati 800. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tatu mpaka saba ya umeme wake wa kawaida, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Friji linalotumia wati 150 linaweza kudai zaidi ya 800 pale linaposhtuka. Mota ya maji ya nusu HP inatumia kama 550, kuanza inataka 1,500 na zaidi. Ya HP moja ikitulia ni kama 1,000, kuanza ni 3,000. Kwa hiyo nyumba ya kawaida yenye friji, TV, feni mbili, taa za LED na mota ya nusu HP inabebwa vizuri na mashine ya kilowati 2.5 za "Rated", kwa sharti moja: mota ya maji iwashwe friji likiwa limetulia, jaza tanki, zima. Vitu vya moto visahau kabisa. Birika ni wati 2,000, heater ya kuogea inakwenda 3,500 hadi 5,500. Gesi ipo jikoni, chemshia hapo.

Gharama. Tufanye lita ya petroli ni sh 3,000 ili hesabu iwe rahisi (bei halisi EWURA wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi). Mashine ya kawaida ikiwa na nusu mzigo, lita moja inakupa kama uniti moja ya umeme, pengine chini yake kidogo. Uniti ya LUKU (umeme wa TANESCO wa kulipia kabla) kwa matumizi ya kawaida ni kama sh 356 pamoja na kodi. Unalipa mara nane. Kwa hiyo jenereta ni la kuokoa jahazi, ukilifanya la kuangalia mpira kila Jumamosi utauza na friji lenyewe.

Kuna majenereta ya inverta, yale yaliyofungwa kama begi. Yanapunguza mzunguko mzigo ukipungua, kelele zake ni ndogo, umeme wake ni safi, TV na kompyuta zinaupenda. Ubaya ni bei, na ile bodi ya ndani ikifa ni mtihani. Kama mzigo wako ni mdogo na majirani wako karibu, mimi ningejinyima nikachukua hilo. Kama una mota ya maji, rudi kwenye la kawaida lenye AVR ya kushikilia volti.

Mwisho, na hapa sitanii: jenereta halikai ndani, halikai barazani, halikai stoo hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Ni hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Weka nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani, ekzosi itazame mbali na nyumba. Na liwe na kibanda cha bati juu tu, lisilowe mvua, pande zote wazi.

Karibuni maswali.

---

Kidume wa Buza

Madini haya mkuu. Swali: vile vidogo vya bluu vya kuchanganya oili vinafaa? Nina TV, taa, simu, na redio ya mzee.

---

FundiWaya

Kwa mzigo huo vinafaa. Hivyo ni stroki mbili, vingi kibatini vimeandikwa wati 650, boksi linasema 950. Oili unachanganya kwenye petroli, mililita 20 kwa lita moja kama kitabu chake kinasema moja kwa hamsini. Ukizidisha moshi unawakimbiza majirani, ukipunguza injini inakwama. Friji usichomeke. Wengi wanachomeka, linawaka leo na kesho, halafu volti zinashuka friji likiwa linataka kuanza, kompresa inanguruma haizunguki, inakufa taratibu. Friji likifa bei yake ni zaidi ya hicho kijenereta.

---

Mpangaji Sinza

Mimi nimepanga ghorofa ya pili, nina kibaraza kidogo. Nikiliweka kibarazani na mlango nimefunga?

---

FundiWaya

Hapana ndugu yangu. Moshi unapanda kwa jirani wa juu na unarudi kwako kupitia dirisha la choo. Kwa ghorofa tafuta betri na inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani), tusizunguke.

---

Mzee wa Hesabu

Fundi, heshima yako, lakini umeandika kurasa nzima kumshauri mtu anunue kitu asichokihitaji. Umesema mwenyewe giza la sasa ni la saa mbili tatu. Friji likifungwa bila kufunguliwa-funguliwa linahifadhi baridi saa nne. Friza lililojaa linafika saa 48, nusu likiwa tupu saa 24. Basi friji halihitaji jenereta. Kilichobaki ni taa, TV, feni na intaneti: tuseme wati 190. Betri ya asidi ya 12V, Ah 200, ina wati-saa 2,400, ukitumia nusu tu ili isife mapema unabaki na 1,200. Toa upotevu wa inverta, unapata saa tano na zaidi. Hakuna moshi, hakuna kamba ya kuvuta, hakuna kukimbilia sheli usiku ukiwa na dumu.

---

FundiWaya

Mzee, hesabu yako sina pa kuipinga, na kwa nyumba isiyo na mota ya maji nakuunga mkono kabisa. Ukiweza kufika kwenye betri ya lithiamu unatumia karibu uwezo wake wote badala ya nusu, saa zinaongezeka maradufu.

Tunapoachana ni siku ile mbaya. Nguzo imeanguka Jumamosi jioni, umeme unarudi Jumatatu. Betri iliisha saa nne usiku wa kwanza, na pa kuchajia hakuna kama huna sola. Petroli unaongeza. Na maji: Dar nyumba nyingi tunaishi kwa kisima na tanki la juu, bila mota hakuna choo. Inverta ya betri ya kuanzisha mota ya nusu HP ipo, lakini bei yake inakuwa habari nyingine.

Nikiwa na hela ya kimoja tu: mpangaji achukue betri, mwenye kisima achukue jenereta. Nikiwa na ya vyote viwili, betri ndogo kwa kila siku, jenereta dogo la kuchajia betri hiyo na kuvuta maji. Hapo hata mashine ya kilowati mbili inatosha, na inawaka saa moja badala ya usiku mzima.

---

Mama Vifaranga Goba

Habari za kazi fundi. Mimi nina vifaranga mia nne, balbu nne za joto za wati 250 kila moja, na friza la nyama ya kuku. Nilikuwa nimeshaambiwa ninunue la kilowati 5.

---

FundiWaya

Salama dada yangu. Balbu nne ni wati 1,000, na hazina mshtuko wa kuanza kwa sababu si mota. Friza nalo ni la kawaida. Kilowati 2.5 inabeba vyote. Ila nakushauri usipashe vifaranga kwa petroli usiku kucha, utafanya kazi ya kuwalipa wenye sheli. Weka jiko la mkaa au bruda ya gesi tayari, na hewa ipite bandani maana ile kaboni inaua na vifaranga. Kwa friza, mzee hapo juu ameshasema: likiwa limejaa na halifunguliwi, usiku mmoja halina wasiwasi. Asubuhi ndiyo uwashe mashine saa mbili, ligande tena, uzime.

---

Baridi ya Njombe

Fundi mbona langu la kilowati 2.5 huku Njombe linashindwa kitu ambacho shemeji yangu Tanga anakifanya kwa mashine hiyo hiyo? Tumenunua siku moja duka moja.

---

FundiWaya

Mkuu hilo ni swali zuri kuliko yote leo. Hewa ya milimani ni nyepesi, injini inapata oksijeni kidogo. Watengenezaji wanakadiria unapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,800. Mara sita ya 3.5 ni 21. Kilowati 2.5 yako huko inabaki chini kidogo ya mbili. Shemeji yuko usawa wa bahari, anaipata yote.

Tena kwa kuwa hewa ni kidogo na petroli ni ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inakuwa nyeusi, mafuta yanaisha haraka. Kuna jeti (kile kitundu cha kupitishia petroli) ndogo ya kabureta kwa ajili ya milimani, muulize fundi mzuri. Lakini siku ukiishusha mashine pwani urudishe ile ya zamani, vinginevyo injini itachemka. Watu wa Mbeya, Makete na Mufindi mnapopiga hesabu ya mzigo wekeni hiyo moja ya tano ya nguvu pembeni kabla hamjalipa.

---

Mtoto wa Bandari

Kuna mitumba ya Japani inaingia, mashine tulivu mno, bei ya kutupa. Vipi hapo?

---

FundiWaya

Tazama volti kwanza. Japani nyumba zao ni volti 100, na mashine nyingi za kule zinatoa 100. Zetu ni 230. Friji lako halitawaka, na utahitaji transfoma ya kupandishia ambayo nayo ni hela na uzito. Nusu ya nchi yao ni hezi 50 na nusu ni 60, kwa hiyo tafuta swichi ya hezi uiweke 50. Za Marekani ni volti 120, hezi 60, hizo nazo kaa nazo mbali. Ukikuta mtumba wa Ulaya wenye 230 na hezi 50, kompresheni nzuri, oili haina harufu ya petroli, chukua bila kusita. Mtumba mzuri unaizidi mpya mbovu.

---

Kwetu Kazuramimba

Mbona mnawatisha watu bure, kuliunganisha jenereta na nyumba ni rahisi. Mimi natengeneza waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, nachomeka kwenye soketi ya sebuleni, nazima meni swichi, nyumba nzima inawaka. Tangu mgao na sijapata tatizo.

---

FundiWaya

Ndugu, huo waya ukate leo.

Siku utakayosahau kuzima meni swichi, au kijana wa nyumbani ataiwasha akidhani umeme umerudi, umeme wako unatoka kwenda mtaani. Transfoma haina akili ya kujua upande gani ni wa kuingilia. Inachukua volti 230 zako inazipandisha mpaka 11,000 au 33,000 kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO ameishika akiamini imekufa. Yuko juu ya nguzo. Na kama umeme wa gridi ukirudi mashine yako ikiwa inazunguka, yenyewe inaweza kuungua au kulipuka. Halafu ile plagi ya pili ikichomoka mkononi ina umeme kwenye vyuma vilivyo wazi, na watoto wapo.

Kinachotakiwa ni chenjiova. Ni swichi ya pande mbili, inakaa baada ya mita ya LUKU: juu TANESCO, chini jenereta, katikati hakuna kitu. Haiwezekani vyote viwili kuwaka pamoja hata ukitaka. Hakikisha inakata laini na nyutro zote mbili, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Kama hela haijafika, tumia ekstensheni nzito inayotoka moja kwa moja kwenye soketi ya jenereta kwenda kwenye friji, usiguse waya za nyumba. Ethi ya mashine ifunge kwenye fimbo iliyozama ardhini.

---

Mzee wa Hesabu

Hapo namuunga mkono fundi kwa mikono miwili. Huyo bwana wa waya akitaka tumchangie chenjiova aseme.

---

Kwetu Kazuramimba

Sawa wakuu, nimewasikia. Chenjiova ya ampia ngapi?

---

FundiWaya

63 inatosha nyumba ya fezi moja. Usichukue nyepesi ya plastiki laini, ishike, igeuze, uisikie inabana.

---

Dada Mbagala

Naomba msaada. Jenereta langu la kilowati 2 lilikaa tangu mgao uishe. Leo nimevuta mpaka bega linauma, haliwaki kabisa. Petroli ipo.

---

FundiWaya

Pole dada. Petroli hiyo ina umri gani? Ikikaa miezi ndani inageuka gundi na kuziba jeti za kabureta. Imwage yote, na ya kwenye bakuli la kabureta pia, kuna skrubu chini yake. Weka mpya. Siku nyingine kabla ya kuliweka stoo funga koki ya mafuta ukiliacha linawaka, lijizime lenyewe, hapo kabureta inabaki kavu.

Halafu pima oili kwa kile kijiti, mashine ikiwa imekaa sawa, siyo kwenye mteremko. Nyingi zina sensa: oili ikishuka inakata cheche, utavuta mpaka kesho. Inachukua kama lita 0.6 tu, 10W-30 inafaa. Ikiwa ya tangu mgao, badilisha yote. Kawaida ni saa 20 za kwanza, baada ya hapo kila saa 100 au miezi sita.

---

Dada Mbagala

Oili ilikuwa chini kweli! Nimebadilisha, nimemwaga mafuta, limewaka. Asante sana kaka. Lakini ile mita ndogo ya mbele inasoma 190, zamani ilikuwa 230. Nichomeke friji?

---

FundiWaya

Usichomeke chochote bado. Bila mzigo inatakiwa isome 230 mpaka 240. Kama injini inasikika inazunguka taratibu kuliko zamani, kabureta bado ina uchafu au gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) imelegea. Kama mlio ni ule ule, AVR ndiyo mgonjwa, na hiyo ni kifaa cha kubadilisha tu, hakina bei ya kutisha. Mpelekee fundi mwenye mita inayosoma hezi. Asiye nayo akitaka kukaza skrubu ya gavana kwa kusikiliza sikioni, mnyang'anye bisibisi: anaweza kukupa 230 kwa hezi 58, taa zikawaka vizuri na friji likaungua.